Njia ya Bomba Lisilo na Maji

Vijana, kwanza shukeni kwenye pikipiki. Najua mnanisalimu kila asubuhi, sikatai, ila shikamoo inayotupwa na mtu anayekimbia na pikipiki huniacha nikiitikia marahaba kwa vumbi. Njia hii haipitwi hivyo. Teremka, vua viatu kama nyayo zako zinaweza, na uende mwendo wangu mimi mwenye magoti mabovu.

Mwaka huu mkutano wa mtaa umewapa nyinyi kazi ya kuilinda njia ya bomba, muifunge mvua zikianza na muifungue kiangazi kikikomaa. Baadhi yenu mmeanza kunung'unika. Mmoja, sitamtaja, ila mama yake anauza dagaa pale sokoni, aliniuliza mbele za watu inakuwaje tuiite njia ya bomba wakati bomba lenyewe halina hata tone. Akasema angekuwa yeye angeipasua iwe njia ya mkato, sokoni hadi stesheni dakika mbili. Mlicheka, na mimi nikacheka, lakini nilirudi nyumbani na swali lile limenikaa kama mchanga ndani ya kiatu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Bomba lile lilikaushwa kwa ajili ya mti mmoja na nyumba ya mama mmoja, na mimi ndiye niliyekabidhiwa shoka.

Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa bomba. Watu walituita watembea bomba, wengine walituita wavivu, maana walituona kila siku tunatembea tu na vijiti. Bomba kuu la zamani lilitoka kwenye tenki la kilimani, likashuka nyuma ya ukuta wa shule, likapita katikati ya uzio wa minyaa wa watu, likavuka korongo, likazunguka nyuma ya soko hadi kwenye tenki dogo la upande wa reli. Mji wa Shinyanga ulikua ukalizingira. Nyumba zote ziliupa ukanda ule mgongo, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kujenga juu ya bomba. Basi ukabaki mrefu, mwembamba na kimya, upande huu watu wanafua, upande ule redio inasikika kwa mbali, na katikati hakuna kitu ila nyasi, migunga, miarobaini na tetere wanaolia. Mji wetu mnaujua kiangazi, kila kitu rangi ya ngozi ya ng'ombe. Njia ya bomba ilibaki kijani. Siri yake haikuwa kubwa: bomba lilikuwa limezeeka, na viungio vyake vilitoka jasho kidogo kidogo, na ardhi ikanywa.

Aliyenifundisha ni Mzee Kashinje. Alikuwa mfupi, mkali, mpenda ugoro, na alikuwa akipiga chafya hadi kuku wa watu wanatawanyika. Siku ya kwanza nilikuja na baiskeli mpya niliyonunuliwa na kaka yangu. Akaizunguka, akaisifu, akaniambia niiegeshe kwake na jioni nije kuichukua. Nikamwuliza kwa nini. Akasema baiskeli ina macho mawili tu, ya kwako, na yote yanatazama gurudumu. Tangu siku ile mpaka nastaafu sikuwahi kuikagua njia ile nikiwa juu ya kitu chochote.

Alinifundisha kwamba kifaa cha kwanza ni mguu. Kanyaga peku alfajiri, kabla jua halijaamka vizuri, na penye uvujaji utahisi ubaridi wa aina nyingine, ubaridi unaotoka chini, siyo wa umande. Kifaa cha pili ni jicho. Tazama chura yuko wapi wakati wa kiangazi, tazama nyuki wanashuka wapi, na tazama akina mama wanapita na ndoo kuelekea mahali pasipo na bomba la mtaa. Hao wameshagundua kabla yako na hawatakuambia. Kifaa cha tatu ndicho kile kijiti tulichochekwa nacho: nondo ndefu iliyochongoka upande mmoja, upande wa pili ina kikombe cha mti cha kuwekea sikio. Unaichomeka hadi iguse chuma, unainama, unaziba sikio la pili, unasikiliza. Maji yanayopita salama huvuma chini chini. Maji yanayovuja hufyonza, kama mtu anayekunywa chai ya moto.

Wiki yangu ya pili nilisikia kitu kingine kabisa. Du-du, du-du, du-du. Nikajua nimepata jambo zito, pengine koki imelegea inagongagonga. Nikahama hatua kumi, du-du. Nikahama tena, du-du ile ile. Nikakimbia kumwita Mzee Kashinje, jasho linanitoka, nikamwambia bomba zima linagonga kuanzia shuleni mpaka korongoni, tuwapigie kelele kilimani wafunge. Aliinama akasikiliza kwa utulivu. Akaniambia nishike shingo yangu hapa pembeni, halafu nisikilize tena. Nilipofanya hivyo nilitamani ardhi inimeze. "Hilo siyo bomba, Shija," akasema. "Hilo ni wewe. Umeshangaa kujikuta uko hai?" Alikaa chini akacheka mpaka ugoro ukamwagika, na kwa miezi kadhaa kila akikutana na mtu alimweleza kuhusu kijana aliyetaka kufunga maji ya mji mzima kwa sababu ya moyo wake mwenyewe.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na ndilo lililonikutanisha na Mama Nkwimba.

Kilikuwa kiangazi kibaya. Nikiwa peke yangu, Mzee Kashinje akiwa na homa, niliona nyuma ya soko duara la ukoka wa kijani uliokolea, pembeni tu ya njia, katikati ya nchi iliyokauka kama mkate wa juzi. Juu yake ulisimama mkuyu ambao bado haukuwa mkubwa. Nikasema leo nitamrudishia mzee heshima yangu. Sikuchukua hata nondo. Nikaanza kuchimba. Nilikuwa nimeshafika magotini mama mmoja alipotoka kwenye nyumba ya karibu, kanga kiunoni, akasimama ukingoni mwa shimo akanitazama. Akanisalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, nikaitikia. Akaniuliza kwa upole kabisa namtafuta nani humo ndani. Nikamwambia natafuta maji.

"Humo hamna maji," akasema. "Humo yumo baba mkwe wangu. Alipokuwa hai sikuwahi kumtazama usoni, mkwe hatazamwi. Sasa wewe unataka kunionyesha akiwa mifupa?"

Niliruka kutoka mle shimoni kama niliyekanyaga moto. Nyinyi mliozaliwa mjini pengine hamjui: kwetu Usukumani, zamani mzee mwenye kaya alizikwa ndani ya zizi lake, ng'ombe wake wakimkanyaga juu, na hiyo ndiyo heshima. Pale palikuwa zizi la mkwewe kabla mji haujafika. Ng'ombe walikwisha, boma likaoza, lakini samadi ya miaka mingi haiozi haraka, ndiyo iliyolisha ule ukoka. Na ule mkuyu haukupandwa. Ulikuwa nguzo ya zizi, mti mbichi uliokatwa ukachimbiwa pale, nao ukachipua wenyewe baada ya mzee kulazwa. Mgeni kutoka pwani angefanya kosa hilo tungemsamehe. Mimi Msukuma, mtoto wa wafugaji, niliyecheza utoto wangu kwenye zizi, nilisahau nyasi za zizi zinafananaje. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri kama bomba.

Mzee Kashinje aliposikia, hakucheka. Alitoka na homa yake, tukarudisha udongo kwa mikono, tukapeleka maziwa. Mama Nkwimba akayanyunyiza pale akisema maneno ya kwao kwa sauti ndogo, amegeuza uso pembeni, kwa sababu hata kaburini mkwe ni mkwe. Tangu hapo kila nilipopita alinisimamisha. Swali lake lilikuwa moja tu, na lilikuwa utani uliojaa sumu: "Shija, maji yapo?" Nami nilimjibu kwa adabu zote, nikimwita mama kwa Kisukuma: "Yapo, mayu." Hata siku ambazo sikuwa nimekagua chochote, nilijibu yapo. Miaka ikapita, utani ukaisha sumu, ikabaki salamu. Mumewe akafariki. Binti yake Nkwimba akaolewa Geita. Mzee Kashinje akastaafu, na baadaye naye tukamzika. Kila asubuhi maji yapo, yapo mayu, tunaendelea na siku.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo penye shida yenyewe.

Katika miti yote, adui wa bomba ni mkuyu. Mgunga una adabu, mizizi yake inakwenda chini kutafuta maji yake mwenyewe. Mwarobaini una kiburi lakini unakatika. Mkuyu hauna subira. Ukinusa kiungio kinachotoka jasho, unakikumbatia, na kila mwaka unakaza, mpaka siku moja kiungio kinainuka. Nilifundishwa kuung'oa mche wa mkuyu popote nitakapouona, na niling'oa mingi. Ule mmoja niliuacha. Nilijiambia uko pembeni, uko mbali. Haukuwa mbali. Kiangazi fulani kiungio cha nyuma ya soko kilianza kuinuka, tukakikaza, kikainuka tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Kila kikiinuka, upande mzima wa reli ulikosa maji, pamoja na zahanati yao. Ofisini likatoka agizo: mkuyu ukatwe, kisiki king'olewe. Nikakabidhiwa shoka na vibarua wawili.

Nilikwenda asubuhi. Mama Nkwimba alikuwa ameshapata habari, mtaa hauna siri. Hakupiga yowe, hakuita majirani. Alileta kigoda chake akakiweka katikati yangu na mti, akakaa, akaanza kubambua karanga. Akauliza kama kawaida kama maji yapo. Nikamwambia leo hayapo, mayu, na ndiyo sababu nimekuja.

Akanieleza kwa sauti ile ile ya siku zote. Nyumba ile ilikuwa ya ukoo wa mumewe. Shemeji yake, Bwana Maduhu, alikuwa mfanyabiashara Kahama. Alikuwa ametia ng'ombe wake wote kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo kule Geita, na duara likatoa mawe matupu. Sasa alitaka kiwanja kiuzwe. Kilichomzuia ni kimoja: hakuna mnunuzi anayetaka zizi lenye mzee ndani, na alama ya mzee ni ule mti. Hakuna msalaba pale, hakuna saruji, hakuna jina. Mkuyu ukiondoka, ukoka ukifyekwa, panakuwa kiwanja kama viwanja vingine. "Kata," akaniambia, "ila ujue ukimaliza nitakuwa mwanamke mzee mwenye kigoda. Niende kwa mkwe wangu Geita nikalale jikoni?"

Niliwaambia vibarua waende wakanywe uji. Nilikasirika, nawaambia ukweli, nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Maduhu, nikaukasirikia mti, nikamkasirikia hata Mzee Kashinje kaburini kwa kunifundisha kazi yenye watu ndani yake. Sikukata. Nikarudi ofisini nikasema shoka halina makali.

Hiyo ilinipa muda, haikunipa raha. Siku zile upande wa reli maji yalikuja kwa mikokoteni. Nilipita zahanati nikamkuta muuguzi mmoja ambaye ni binti wa ndugu yangu, anapima maji kwa kikombe kwa ajili ya mama aliyetoka kujifungua. Akaniuliza kama ni kweli kwamba nimekataa kukata mti. Nikasema ni kweli. Akaniambia, "Baba mdogo, njoo basi umweleze huyu mtoto kuhusu mti." Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka. Nilirudi nyumbani, mke wangu akaniandalia ugali, nikaurudisha jikoni.

Wakati huo tulikuwa na injinia mpya, binti kutoka Mbeya, mpole wa sauti lakini hapindishiki. Nilikwenda kwake nikamwaga yote, zizi, mkwe, Maduhu, karanga. Nilitegemea aniambie mambo ya kimila hayamo kwenye ramani. Aliniuliza njia yote kuitembea kwa miguu inachukua muda gani. Nikasema inategemea na unachokitafuta. Kesho yake alfajiri alikuja na mabuti ya mpira, nikamwambia ayavue, akayavua.

Tulianzia kilimani kwenye migunga, jua likiwa bado chini ya mabati ya watu. Nyuma ya shule watoto walikuwa wanafagia, vumbi lao halikutufikia kwa sababu ya minyaa. Kwenye korongo tulipita juu ya bomba lenyewe, tukinyoosha mikono kama ndege. Alisikiliza kwa nondo kila nilipomwonyesha, na mahali pawili alisikia uvujaji nilioupita mimi, sikio langu la kulia lilikuwa limeshaanza kunisaliti. Hatukukutana na gari, wala pikipiki, wala mtu wa kugombana naye. Tulikutana na bibi mmoja anachuma mlenda, na wanafunzi wawili wanasoma chini ya mwarobaini, na mwendawazimu wa soko, mnamjua, amelala usingizi mzuri mahali ambapo hakuna wa kumrushia mawe. Injinia akasema yupo mjini kwetu mwaka mzima na hakujua kwamba mji una mahali kama pale. Tulipofika kwenye mkuyu, Mama Nkwimba akatupatia karanga, na wale wawili wakakaa wakazungumza mambo ya kwao, mimi nikawekwa pembeni nitengeneze mguu wa kigoda.

Tulipoondoka pale ndipo injinia aliponiambia. Kulikuwa na mpango wa bomba jipya kando ya barabara kuu, la maji yanayotoka ziwani, ila ulikuwa wa baadaye. Angeweza kuomba upande wa reli uanze. Zahanati ingepata maji, mti ungebaki, nyumba ingebaki. Lakini bomba la zamani lingefungwa moja kwa moja.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia tulizungushe tu, tuchepushe kipande kidogo kiupite mti kwa mbali, mimi na vijana tutachimba bure. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza viungio vingapi vingine nimevifunga kwa mpira na waya katika miaka mitano iliyopita. Nilivijua vyote, na vilikuwa vingi. Alikuwa sahihi. Kulichepusha kungekuwa kuhamisha ugonjwa kutoka goti hili kwenda goti lile. Kitu ambacho sikuwa nimekifikiria ni kwamba kati ya mti na bomba, kinachopaswa kufa kingeweza kuwa bomba. Mimi nilikuwa nimekwenda kwake na majibu mawili, kata au usikate, yeye akaona la tatu. "Mzee Shija," akasema, "ni njia yako. Usinijibu leo."

Nililia, wanangu. Sioni haya. Mtu ukitembea juu ya kitu maisha yako yote, ukakisikiliza kila asubuhi kama unavyomsikiliza mtoto akilala, halafu uambiwe ukifunge wewe mwenyewe, utalia tu. Nilimwambia mke wangu, naye akanijibu kwamba bomba ni chuma na Mama Nkwimba ni mtu, akaendelea kuchambua mchele. Kesho yake nikaenda kumwambia injinia aandike hiyo barua.

Bomba jipya lilipokamilika, upande wa reli ulipata maji, na muuguzi wangu akanitumia salamu. Koki ya zamani pale kilimani niliifunga kwa mikono yangu. Niliomba nifanye hivyo peke yangu. Ilikuwa ngumu kuzunguka, imeshika kutu, ilinichukua asubuhi nzima. Muda mfupi baadaye nikastaafu.

Mnadhani yakaisha. Maduhu akaja kutoka Kahama. Kwenye mkutano wa mtaa akasimama akasema vizuri, ni msemaji mzuri yule, kwamba sasa bomba limekufa, ukanda mzima ugawanywe viwanja, na cha kwao kiuzwe pamoja na vingine, kila mtu apate chochote. Wengi walitikisa vichwa kukubali, na mimi nikaona njia yangu imekufa mara mbili. Mama Nkwimba alikuwa amekuja na kile kigoda, amekaa nyuma. Mwenyekiti alipomwuliza kama ana neno, alimwomba Maduhu jambo moja tu, aueleze mkutano ile nguzo ya zizi, ule mkuyu, ililetwa na nani.

Maduhu akasema aliileta yeye. Alikuwa mvulana, aliukata mti mtoni, akaubeba begani mpaka nyumbani, na baba yake akamsifu mbele ya wageni, na ilikuwa mara pekee anayoikumbuka. Akasema hayo, akakaa. Hakudai tena kuuza, siku ile wala baadaye. Duara halikumrudishia ng'ombe wake, bado anahangaika mpaka leo, lakini kila akija mjini hupita pale akakaa kidogo, na mama humpa karanga kama anavyompa kila mtu.

Ndipo wazee wakasema ukanda ule uwe ngitili. Neno hilo mnalisikia mkutanoni mnadhani ni la porini. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vipate nguvu, halafu yanafunguliwa kiangazi njaa ikibisha hodi. Babu zetu walifanya hivyo kwa ajili ya ndama. Hakuna aliyewahi kusikia ngitili katikati ya mji, kati ya shule na soko, ya kupitisha watu badala ya ng'ombe. Watu walicheka, kisha wakakubali, labda kwa sababu walikuwa wamecheka.

Kiangazi cha kwanza bila bomba kilinivunja moyo. Jasho la viungio halikuwepo tena. Ukoka ulikauka, miarobaini ikapukutika, vyura wakahama. Nilipita mle nikajiambia tumepoteza vyote viwili. Lakini akina mama walianza kumwaga maji ya kuoshea vyombo upande wa nyuma badala ya mbele, hakuna aliyewaagiza, na mvua zilipokuja watu walifunga kweli, hata mbuzi wa mwenyekiti walikamatwa. Mvua ya pili mkaja kuona nyasi zimefika kiunoni. Kijani cha sasa siyo cha uvujaji. Ni cha watu kujizuia, na nawaambieni hicho ni kigumu zaidi, ndiyo maana mmepewa nyinyi wenye nguvu.

Nondo yangu ninayo bado. Waliniachia kama zawadi, hakuna mwingine aliyeitaka. Juzi nilikwenda nayo, naitumia kama mkongojo tu, magoti haya. Mama Nkwimba macho yake sasa ni hafifu, ananijua kwa hatua. Alikuwa amekaa chini ya mkuyu wake. Akauliza kama anavyouliza siku zote, na anajua vizuri kuliko mtu yeyote jibu lake, maana ni kwa ajili yake koki ilifungwa. "Shija, maji yapo?"

Sijui nilipatwa na nini. Badala ya kujibu niliichomeka nondo mpaka ikagusa chuma, nikainama. Kimya. Halafu, polepole, du-du, du-du. Nikacheka peke yangu. Akataka kujua nasikia nini. Nikamsaidia kuinama, nikamwekea kikombe cha mti sikioni, nikamziba sikio la pili kwa kiganja changu. Alisikiliza muda mrefu, uso umekunjamana, na nilikaribia kumweleza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Yapo," akasema.

Nikamjibu, "Yapo, mayu."

Basi hilo ndilo jibu la swali lako, mtoto wa mama dagaa. Daktari ameniambia nipunguze kutembea, na kuna asubuhi sitafika kwenye mkuyu. Nyinyi mtapita. Atasikia hatua zenu, atauliza, atamwuliza yeyote anayepita. Shukeni kwenye pikipiki, mpeni shikamoo yake, na mumjibu.